Kucha za Bandia au Hina?

Akina mama wa Ngamiani na Chumbageni hawachezi na harusi, na siku hizi hina imepata mshindani. Kucha za plastiki hubandikwa kwa gundi. Ni rahisi, ila zaweza kubanduka hata katika unga wa chapati! Za akriliki, mchanganyiko wa unga na kimiminika, hujikaza zenyewe. Za jeli huhitaji taa ya mionzi. Msizing'oe kwa nguvu: tabaka la kucha halisi hutoka nazo, na kucha ya mkono huchukua kama miezi 6 kuota upya. Akriliki hulowekwa katika asetoni. Jeli nyingine hukataa, zikasuguliwa kwa tupa. Kwa mwenye kutia udhu, rangi ya hina haizuii maji. Lakini piko lililotiwa dawa ya kupaka nywele laweza kuunguza ngozi.