Kabla Hujaposti Mshumaa, Mwenye Msiba Amejua?

Leo sina mzaha. Kuna kitu nilifanya mwaka jana ambacho sijawahi kukisema hapa. Na kwa kuwa kila wiki nawaambia mfanye nini na simu zenu, ni haki mjue nilichofanya na yangu.

Mjomba wangu alilazwa hospitali moja huko Magharibi, akaugua wiki mbili, akatuacha alfajiri ya Jumanne. Mama alikuwa naye. Alinipigia saa kumi na moja nikiwa nimelala kwangu Umoja. Akalia, nikalia. Kabla ya kukata simu akaniambia, "Usiambie mtu kwanza, tunajipanga." Nikasema sawa mama.

Nusu saa haikuisha. Nilikuwa nimeshatafuta picha ya Krismasi, mimi na mjomba tukichoma nyama, nikaandika "Pumzika kwa amani mjomba, umetuacha mapema mno," nikaongeza mshumaa na njiwa, nikaweka kwa stetasi. Kwa akili yangu, huyo "mtu" niliyekatazwa kumwambia ni mtu wa kupigiwa simu. Stetasi sikuihesabu.

Saa kumi na mbili na robo simu ikaita. Ni binamu yangu, kitinda mimba wa mjomba, anasoma chuo Eldoret. Hakusalimu.

"Hiyo kitu umeposti ni ukweli?"

Nilinyamaza. Akaelewa.

Kile sikujua ni kwamba wazee walikuwa wamepanga kila kitu. Shangazi anayeishi Eldoret alikuwa tayari kwa bodaboda akielekea hosteli. Alitaka aketi naye kitandani, amwambie ana kwa ana, amshike, amsaidie kufunga begi, kisha wasafiri pamoja. Alifika nikiwa nimemtangulia kwa dakika ishirini. Alimkuta binamu yangu amekaa sakafuni na simu mkononi, na mwenzake wa chumba amesimama tu mlangoni hajui afanye nini.

Stetasi nikaifuta. Watu 64 walikuwa wameshaiona.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliposti. Jibu halinifurahishi. Nilikuwa na uchungu, hiyo si uongo. Lakini pia nilitaka nionekane nina uchungu. Zile "pole sana" zilipoanza kuingia nilijisikia nafuu kidogo, na hiyo nafuu niliinunua kwa msiba ambao haukuwa wangu wa kutangaza. Mimi nilipoteza mjomba. Yeye alipoteza baba, na mimi ndiye nilikimbilia kipaza sauti.

Zamani nilikuwa nawacheka wazee kwa vile wanavyozunguka. Unapigiwa simu, "Njoo nyumbani, mgonjwa amezidiwa," na kumbe ameshafariki jana. Niliona ni uongo wa bure. Sasa naona walikuwa wanahakikisha kwamba neno hilo likikupata, kuna mtu kando yako. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Siku hizi tunaongea kwa vidole, kwa hivyo tumebaki bila pa kujikwaa salama.

Najua kuna mmoja wenu tayari anaandika, "Lakini wazee wenyewe ndio wabaya zaidi." Kweli kabisa, na sitawatetea. Ni nani hutuma kwa kundi la familia ule ujumbe ulioandikwa umesambazwa mara nyingi, eti maji ya moto na kitunguu saumu vinaponya kila kitu? Ni nani aliposti matokeo yako ya mtihani, jina na nambari yako ya mtihani zikiwa wazi, kabla hujaamua kama unayafurahia? Ni nani alipiga picha nyanya akiwa na dripu, kinywa wazi, akaandika "tumwombee"? Nyanya ambaye hata kwenda sokoni hutafuta kitambaa chake kizuri cha kichwa.

Halafu kuna kundi la mchango wa mazishi. Mnalijua. Orodha ndefu, jina, kiasi, alama ya tiki. Aliyetoa 20,000 yuko juu, aliyetoa 200 yuko chini, na ambaye hajatoa ameachiwa nafasi tupu ili aone aibu. Mhazini naye, kuthibitisha pesa imeingia, anatuma skrinshoti ya M-Pesa na salio lote linaonekana. Nimeona binamu mmoja akijitoa kwa kundi usiku wa manane kwa sababu hakuwa na kazi na kila asubuhi orodha ilimkumbusha. Hakuna aliyempigia kumuuliza kama yuko sawa. Tuliona tu kwamba ametoka.

Wengine mtaniambia si kuna sheria. Ipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha yako. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na mwaka wa 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya zaidi ya Sh4.5 milioni kwa kuposti picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Lakini sheria hiyo hiyo inayaacha kando mambo ambayo ni ya mtu binafsi au ya nyumbani tu. Kwa maneno mengine, Kamishna haji kwenu kuamua kundi la ukoo. Hapo tumeachiwa adabu, na adabu haina faini. Ndiyo maana ni rahisi kuivunja.

Kwetu, baada ya mazishi, tulikaa chini. Wazee na sisi vijana, na kulikuwa na kelele, msidhani ilikuwa rahisi. Tulikubaliana mambo manne.

Habari ya kifo ina wenyewe. Mume au mke, watoto, wazazi, ndugu wa tumbo moja. Mtu mmoja anapewa kazi ya kuhakikisha wote wamejua, na mpaka aandike "sasa mnaweza," hakuna mshumaa.

Mgonjwa hapigwi picha bila kuulizwa. Kama hali yake haimruhusu kujibu, jibu ni hapana.

Kwa michango, mhazini anaandika jina la aliyetoa na "asante." Kiasi kinabaki kwake na kwa kamati. Anayetaka hesabu aulize, ataonyeshwa. Na skrinshoti ya M-Pesa inakatwa salio kabla haijatumwa.

Mtoto mwenye uwezo wa kujibu anaulizwa. Asiyeweza kujibu, picha yake inabaki kwa familia.

Mjomba mwingine alilalamika kwamba tunafanya familia kama ofisi. Nilimwelewa. Kuna raha ya kuposti tu bila kufikiri, na mimi kazi yangu ni kuposti. Lakini huyo mjomba ndiye amekuwa mkali kuliko wote kuhusu ile sheria ya kwanza. Juzi alimfokea shemeji mmoja aliyeandika "Rest in peace" kabla ya wakati.

Binamu yangu tuliongea vizuri siku ya tatu baada ya mazishi, nyuma ya jikoni, tukiosha sufuria. Niliomba msamaha. Akasema, "Sikukasirikia habari, ilikuwa inakuja tu. Nilikasirika kwa sababu watu zaidi ya sitini walijua baba yangu amekufa kabla yangu." Sikuwa na la kujibu. Niliendelea kuosha.

Amenisamehe, tunaongea kila wiki. Hii stori unayosoma nilimtumia kwanza. Aliisoma siku mbili, akaniambia nitoe vitu viwili, nikavitoa. Hamtavijua, na stori haijapungua.

Kwa hivyo siku simu ikiita alfajiri na mzazi wako akulilie, lia naye. Kisha iweke simu chini. Jiulize ni nani anayepaswa kujua kabla ya ulimwengu, na kama kuna mtu njiani kwenda kumwambia. Mwache afike.

Kwenu mna utaratibu gani? Niandikieni. Na kama ni stori ya mtu mwingine, muulizeni kwanza.