Upasuaji wa taya: Mtambo bila mtaalamu hautawafaa wakazi wa Meru

IWAPO Kaunti ya Meru itaamua kuimarisha upasuaji wa kurekebisha taya, swali la kwanza lisiwe ni mtambo upi ulio wa kisasa zaidi, bali ni nani atakayeutumia.

Upasuaji huu huwafaa waliozaliwa na taya lililochomoza au kurudi nyuma, na pia wale ambao taya lao lilivunjika, pengine katika ajali ya bodaboda, likaunga vibaya. Daktari hulikata taya, akalisogeza na kulikaza kwa vibamba vya titani. Wataalamu wengi huvumilia kosa lisilozidi milimita 2. Likizidi, meno huenda yasikutane na kutafuna kukawa taabu.

Njia ya kale hutumia plasta. Mfano wa meno ya mgonjwa hukatwa na kusogezwa mezani, kisha hutengenezwa kipande cha plastiki kinachowekwa katikati ya meno ili kumwongoza daktari. Gharama yake ni nafuu, ila hatua ni nyingi na makosa madogo hujumlika.

Njia mpya hutumia picha za CT na tarakilishi. Kipande hicho huchapishwa kwa mashine, au vibamba vya titani vikaundwa kulingana na umbo la mgonjwa. Manufaa yake hudhihirika hasa uso unapokuwa umepinda upande mmoja. Hata hivyo, kichwa cha taya kisipokaa barabara katika kiungo chake karibu na sikio, tarakilishi haitamwokoa daktari.

Kenya imewahi kujifunza somo hili kwa gharama kubwa. Mpango wa kukodishia kaunti vifaa vya hospitali ulianza mwaka wa 2015, lakini kamati ya Seneti iliyouchunguza iliripoti mwaka wa 2020 kwamba baadhi ya vifaa vilikaa bila kutumika.

Meru iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Nairobi, lakini picha husafiri kwa intaneti. Mgonjwa anaweza kupigwa picha nyumbani, mipango ikafanywa na wataalamu walioko mbali. Kisichoweza kutumwa kwa intaneti ni mkono wa mpasuaji.

Kaunti ianze kwa kuajiri na kufadhili masomo ya wapasuaji wa taya, watakaotibu mivunjiko mapema kabla haijaunga vibaya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.