Kamera ikimwona mchimbaji, halafu?

Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliporomoka katika mgodi wa KOV, hapa Kolwezi. Wachimbaji wadogo wasiopungua 43, wale tunaowaita creuseurs, walipoteza maisha. Glencore, kampuni mama ya KCC inayomiliki mgodi huo, ilisema wakati ule kwamba watu wapatao 2,000 huingia katika maeneo yake kila siku bila ruhusa. Yaani walikuwa wameonekana, tena wamehesabiwa. Siku chache baadaye jeshi likatumwa kuwaondoa waliobaki.

Tunakumbusha hayo kwa sababu siku hizi migodi duniani inanunua kamera na droni zenye programu ya kutambua watu kwenye picha. Programu hiyo hufundishwa kwa maelfu ya picha ambamo kila mtu amechorewa kisanduku. Ikipewa picha mpya, inachora kisanduku chake na kusema ina uhakika kiasi gani. Mwenye kamera ndiye anayepanga kiwango. Akikishusha sana, hata mbuzi atapigiwa king'ora. Akikipandisha, kijana aliyeinama na mfuko wa mawe mgongoni, mwili mzima vumbi, anaweza kupitwa, hasa kama programu ilifundishwa kwa picha za watu wanaotembea wima barabarani. Rangi nayo ina neno: mwaka huo huo wa 2019, watafiti wa Georgia Tech, Marekani, walikuta programu walizozipima zinawatambua watembea kwa miguu wenye ngozi nyeusi kwa usahihi mdogo kuliko weupe.

Basi chombo hicho kipimwe hapa kwetu kwanza, mchana na usiku, mbele ya wakaguzi wa serikali.

Lakini swali letu kubwa ni jingine. Kisanduku kikishachorwa, taarifa inakwenda kwa nani? Kwa dereva wa lori ili asimame, na kwa mhandisi anayejua ukuta upi wa shimo una nyufa? Au kwa polisi wa migodi peke yake? Tunaitaka serikali ya jimbo iandike jibu ndani ya kibali, kabla kamera haijafungwa.

Iandike pia picha zitahifadhiwa muda gani. Sheria ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za binafsi za raia. Wakaaji wa Kasulo, ambako mashimo ya kobalti yalichimbwa hadi ndani ya viwanja vya nyumba, wana haki ya kuuliza droni ikipita juu ya mabati yao inapeleka picha wapi.