Mwosha Huoshwa: Mashine ya Vyombo na Mito ya Gusii

Wahenga walinena kwamba mwosha huoshwa. Methali hii husikika zaidi penye matanga, kwa kuwa asili yake ni kuosha maiti: amwoshaye mwenzake leo, kesho naye ataoshwa na wengine. Hata hivyo, methali njema hubeba maana zaidi ya moja, na leo ningependa kuihamishia jikoni. Huko nako limezuka swali ambalo wazazi wetu hawakupata kuulizwa: mtu mwenye uwezo, anayetaka kuosha vyombo vyake bila ya kuyadhuru mazingira, anunue mashine ya kuosha vyombo au abaki na beseni lake?

Swali hili si la mzaha. Anayejenga nyumba leo mjini Kisii, au Keroka, Ogembo na Nyamira, hulazimika kuamua mapema mabomba yapite wapi na maji machafu yaelekee wapi. Walimu ni miongoni mwa wajenzi hao, na wengi wao hununua vifaa vya nyumbani kwa mikopo ya vyama vyao vya akiba. Tena, anunuacho mwalimu huigwa na kijiji kizima. Kwa hiyo uamuzi wake haukomi mlangoni pake.

Mashine yenyewe si ngeni ulimwenguni. Mmarekani aitwaye Josephine Cochrane alipewa hataza ya mashine ya namna hii mwaka 1886, na mwaka 1893 ilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Chicago. Mashine za awali zilikuwa walafi wa maji. Za siku hizi ni hodari zaidi: ile iliyoundwa vizuri hutumia lita 10 hivi katika mzunguko mmoja wa uangalifu, na umeme usiofika uniti moja.

Wauzaji hupenda kutukumbusha utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, na kutangazwa mwaka 2004. Watu kutoka nchi saba za Ulaya walipewa vyombo vya walaji 12 wavioshe kwa mikono. Kwa wastani walitumia lita 103 za maji, hali mashine ya wakati huo ilitumia lita 15 hadi 22. Anayesoma takwimu hizi bila ya kutafakari atahitimisha kwamba beseni ni adui wa mazingira.

Lakini mwanafunzi mwema huuliza: wale waliopimwa waliosha vipi? Wengi waliacha maji ya moto yakitiririka kutoka bombani. Ni nani katika vijiji vya Bobasi au Ekerenyo, aliyeteka maji katika chemchemi iliyoko bondeni na kuupandisha mtungi wa lita 20 mgongoni au kichwani, atakayemwaga lita 103 kwa mlo mmoja? Huyo hupima maji kama dawa. Utafiti wa Bonn ulimhukumu mwenye bomba asiyejua kulifunga. Mwenye beseni hakuhukumiwa hata kidogo.

Utafiti mwingine, wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, uliotolewa mwaka 2020, uliliona jambo hili. Watafiti walikadiria hewa chafu itokanayo na kuosha vyombo kwa miaka 10, wakiijumlisha na ile ya kuiunda mashine na kuitupa. Uoshaji wa mikono uliozoeleka huko ulitoa kilo 5,620 za hewa ya ukaa na gesi za jamii yake. Mashine ilitoa kilo 2,090. Lakini mabeseni mawili, moja la maji ya moto ya kusugulia na jingine la maji baridi ya kusuuzia, yalitoa kilo 1,610 tu. Naam, mshindi alikuwa beseni, almuradi liwe na mwenzake.

Hapa Kiswahili chenyewe ni mwalimu. Lugha yetu haitosheki na kitenzi kimoja cha usafi. Nguo hufuliwa, mikono hunawiwa, vyombo huoshwa. Tena ndani ya kuosha vyombo mna kuroweka, kusugua, kusuuza na kuanika. Vitenzi hivi si mapambo. Ni hatua za kazi, na kila hatua ina kipimo chake cha maji. Sufuria iliyopikiwa obokima huwa na ukoko chini. Atakayeukabili ukoko huo papo hapo atamaliza maji na sabuni bure. Atakayemimina vikombe viwili vya maji baridi na kuiacha ikae, ataukuta umebanduka wenyewe. Mashine nayo haina uchawi mwingine. Hufuata hatua hizo hizo kwa mpangilio na subira, na ndiyo sababu mzunguko wake usiotumia umeme mwingi huchukua saa mbili na zaidi.

Isitoshe, mashine hizi ziliundwa kwa ajili ya sahani za kauri na bilauri za kioo. Jiko la Mgusii lina sufuria za alumini, na poda ya mashine ina magadi makali ambayo huila alumini na kuigeuza rangi ikawa ya kijivu. Mwiko wa mti hupasuka kwa joto. Sufuria ya kupikia wageni haiingii kabisa. Basi mwenye mashine atabaki akiosha kwa mikono vile vyombo vilivyo vizito zaidi.

Kuna pia suala la nguvu ya maji. Mashine nyingi hutaka shinikizo la angalau theluthi au nusu ya bar, nayo tangi lililoinuliwa mita tatu hutoa theluthi tu. Umeme nao hukatika, na mvua kubwa za nyanda hizi hazisaidii. Kwa upande wa hewa chafu, Kenya imejaliwa: sehemu kubwa ya umeme wetu hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maporomoko ya maji na upepo. Mtu anayepasha maji ya vyombo kwa makaa kila jioni asimcheke mwenye mashine. Beseni nalo lina dhambi zake, na miti inayokatwa ni mojawapo.

Sasa tuje kwenye sabuni, kwani hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mto Gucha huanzia katika vilima vya Kiabonyoru, Nyamira, ukapita katika nchi ya Gusii, ukateremka hadi Migori ambako huitwa Kuja, kisha ukamimina maji yake katika Ziwa Viktoria. Kila tunachokimwaga kwenye mteremko hufuata njia hiyo. Baadhi ya sabuni za unga na poda za mashine zimekuwa na fosfeti, ambayo ni mbolea kwa mimea ya majini. Ziwa likinenepeshwa kwa mbolea, mwani na gugumaji hustawi, na oksijeni ya samaki hupungua. Gugumaji lilianza kuonekana katika ziwa hilo mwishoni mwa miaka ya 1980, na wavuvi wangali wanapambana nalo.

Haki itendeke: mchanga unaomomonyoka, mbolea za mashambani na majitaka ya miji huchangia zaidi kuliko sahani zetu. Lakini mzigo mdogo ni mzigo pia, na huu uko mikononi mwetu wenyewe. Umoja wa Ulaya uliweka mipaka ya fosfeti katika sabuni za mashine za vyombo za majumbani tangu mwanzo wa mwaka 2017. Wenye mashine wengi kuliko sisi waliona haja hiyo. Sembuse sisi tunaokaa juu ya ziwa? Samaki na omena wanaouzwa katika soko la Daraja Mbili hutoka katika maji yale yale tunayoyapelekea uchafu. Mwosha huoshwa.

Msomaji atasema: nitanunua sabuni iliyoandikwa kuwa ni rafiki wa mazingira. Polepole. Sisi watu wa Gusii tunajua vizuri kuliko wengi kwamba jina si kitu. Mawe ya Tabaka huitwa mawe ya sabuni, na wachongaji wameyapatia sifa duniani kote, lakini hakuna aliyepata kuyafulia nguo. Yaliitwa hivyo kwa ulaini wake tu. Vivyo hivyo chupa ya kijani yenye picha ya jani haithibitishi chochote. Geuza chupa, soma viungo, tafuta kama fosfeti imetajwa. Mwalimu wa Kemia na mwalimu wa Kiswahili wangeweza kulifanya zoezi hili kwa pamoja darasani, mmoja akifundisha viungo, mwingine akifundisha jinsi matangazo yanavyocheza na maneno.

Jivu nalo lisidharauliwe. Nyanya zetu walisugulia jivu kwa dodoki au nyuzi za katani, nao hawakuwa wajinga. Jivu la kuni likilowa hutoa magadi ambayo huyageuza mafuta kuwa namna ya sabuni. Lina kasoro ya kukwaruza alumini, lakini kwa chungu na chuma bado ni dawa.

Maji yaliyokwisha kutumiwa yaende wapi? Migomba iko karibu na takribani kila nyumba. Maji ya beseni yenye sabuni kidogo, yakimwagwa shinani mwa mgomba mbali na chemchemi, huchujwa na udongo, na mmea hunufaika. Maji ya mashine, kwa ukali wa poda yake, hayafai kumwagiwa mmea mmoja siku baada ya siku. Hii ni tofauti kubwa ambayo kijitabu cha muuzaji hakiitaji.

Kuna hoja moja inayoitetea mashine ambayo siwezi kuipuuza. Katika nyumba nyingi vyombo huoshwa na wasichana. Baada ya chakula cha jioni kaka hufungua kitabu, dada hufungua bomba. Saa moja kila usiku ni saa 300 na ushei kwa mwaka, na mtihani wa taifa hauulizi ni nani aliyekuwa akisugua sufuria. Mtu akiniambia ananunua mashine ili binti yake asome, nitamheshimu. Lakini nitamuuliza: mwanao wa kiume ana mikono mingapi? Zamu ya kuosha haigharimu hata senti moja, na hakuna kupotea kwa umeme kunakoweza kuizima.

Kwa yule ambaye ameamua kununua, nampa haya kwa ufupi. Asome lebo: ile ya Ulaya, yenye daraja za A hadi G, huonyesha lita kwa mzunguko na umeme kwa mizunguko 100. Aiwashe ikiwa imejaa tu. Akwangue mabaki badala ya kusuuza kwanza, maana anayesuuza kabla huosha mara mbili. Achague mzunguko wa polepole, poda isiyo na fosfeti, na mashine ambayo fundi wa Kisii anaweza kuipatia vipuri. Maji yake yaishie katika shimo lililochimbwa vizuri, yasielekezwe mtoni.

Kabla ya hayo yote, atazame paa lake. Nyanda za Gusii hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 50 hupokea lita 75,000. Hata theluthi ikipotea, zinabaki lita zaidi ya 130 kwa kila siku ya mwaka. Fedha za mashine zikinunua mifereji ya paa na tangi, nyumba itaosha vyombo, itafua, na mtoto hatashuka bondeni alfajiri na mtungi.

Shuleni hesabu ni kubwa zaidi. Tuchukulie shule ya bweni yenye wanafunzi 600, kila mmoja akiosha sahani yake chini ya bomba lililo wazi kwa dakika moja, nalo bomba likitoa lita sita. Hizo ni lita 3,600 kwa mlo na 10,800 kwa milo mitatu. Wakiwekewa mapipa ya kusugulia na ya kusuuzia, wakatumia lita moja kila mmoja, watatumia 1,800. Lita 9,000 zitakuwa zimeokolewa kila siku bila ya kununua chochote isipokuwa mapipa. Vyama vya mazingira shuleni, ambavyo mara nyingi huishia kupanda miche siku ya wageni, vingepata hapa kazi ya kila siku.

Rai yangu, basi, ni hii. Kwa nyumba nyingi za Kisii na Nyamira, chombo kinachoyahurumia mazingira zaidi ni mabeseni mawili, dodoki, sabuni kidogo iliyosomwa lebo, kichanja cha kuanikia juani, na zamu isiyobagua mvulana na msichana. Walimu waanze nao mfano huo makwao na katika mabweni. Wanafunzi wauhesabu, waupime, wautetee. Gucha haichagui ni maji ya nani inayobeba, na ziwa lililo mwisho wake ndilo tunalolila.