Kivuli cha Mti ni Haki Yetu



Sisi wa reli twaijua kazi ya zamu. Mtu atoka kazini usiku wa manane, masikio yangali yamejaa kelele za injini, aingia katika chumba kimoja na watoto watano. Usingizi hauji, hasira huja. Wengi wetu huipeleka hasira hiyo kwenye chupa, kisha nyumbani.

Iko dawa nyingine. Mwaka 2019 wataalamu wa Uingereza walitoa habari za watu karibu 20,000. Wale waliopata masaa mawili kwa juma nje, penye miti, bustani au pwani, walisema wana afya na utulivu wa moyo kuliko wale wasiokwenda kabisa. Masaa mawili tu, hata kwa vipande vipande.

Lakini mjini miti ina maadui. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga jumba la ghorofa 60 lisijengwe katika Uhuru Park, Nairobi. Alitukanwa, lakini jumba halikujengwa. Angenyamaza, maskini wa mji angepumzika wapi siku ya Jumapili?

Mti hauongezi mshahara, wala hauwi daktari wa aliyeugua akili. Hata hivyo twasema: Chama kinapodai nyumba na mapumziko, kidai na miti mlangoni, na mti ulio karibu na karakana usikatwe kabla sisi hatujaulizwa. Nasi tukipata siku yetu, tuwachukue watoto, tukakae kivulini.