Utungo Hujibiwa kwa Utungo: Ushairi wa Awali wa Marekani na Visasili vya Wenyeji Wake

Miongoni mwa maswali yanayowagawa wahadhiri na wanafunzi wa fasihi ni hili: je, mwanafunzi aliyepewa shairi alihakiki anaweza kulijibu kwa shairi na akahesabiwa kuwa amehakiki? Wako wanaoshikilia kwamba huo ni mchezo tu, na kwamba uhakiki ni insha yenye hoja na vielelezo. Rai yangu ni kinyume. Nitaitetea kwa kurejelea ushairi wa awali wa Marekani na visasili vya wenyeji asilia wa nchi hiyo, maana huko ndiko suala hili linakoonyesha nguvu zake na mipaka yake pia.

Tuanze na ushairi. Phillis Wheatley alitekwa Afrika Magharibi akiwa mtoto wa miaka saba au minane, akauzwa Boston mwaka 1761. Diwani yake ilipochapishwa London mwaka 1773, ilitanguliwa na hati ya mashahidi 18, waheshimiwa wa Boston, waliothibitisha kwamba mtumwa huyo ndiye mtunzi. (Ni washairi wangapi waliowahi kudaiwa mashahidi?) Katika shairi lake fupi linalojulikana mno, Wheatley anakuita kule kutolewa Afrika kuwa ni rehema, kisha anawageukia Wakristo na kuwakumbusha kwamba watu weusi nao wana nafasi mbinguni. Mwaka 1778 alijibiwa na Jupiter Hammon, mshairi aliyekuwa mtumwa huko Long Island, New York. Hammon hakuandika insha. Alitunga beti 21 za mishororo minne minne na kuuambatanisha kila ubeti na rejeleo la Biblia. Alilidaka wazo la rehema, akalipanua, akamhimiza Wheatley awe kielelezo kwa vijana wa Boston. Lile karipio kwa Wakristo hakuligusa.

Hebu tuulize: kuchagua cha kujibu na cha kunyamazia, kama si uhakiki, ni nini? Ukimya wa Hammon unatufunulia mengi kuhusu shairi la Wheatley kuliko kurasa kadhaa za kuorodhesha tamathali za usemi. Wanafunzi wa Kiswahili hatupaswi kuustaajabia mtindo huu. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa beti miji yao ilipokuwa ikihasimiana, na aliyemsoma mwenzake vibaya aliumbuliwa hadharani. Kujibu kulidai kusoma kwa makini. Mwanafunzi anayemtungia Wheatley au Anne Bradstreet jibu leo anaingia katika uwanja huohuo. Bradstreet mwenyewe aliwahi kukijibu kitabu chake, kilichochapishwa London mwaka 1650 bila ridhaa yake, kwa shairi linalokisemesha kama mtoto aliyetoka nje na matambara.

Kwa upande wa visasili, hata hivyo, naomba tuende polepole. Watu wa Haudenosaunee, ambao makao yao ya jadi yako katika eneo la New York ya leo, husimulia habari za mwanamke aliyeanguka kutoka ulimwengu wa juu. Ndege wakampokea kwa mbawa zao, kobe akautoa mgongo wake, na wanyama wakapiga mbizi kutafuta udongo. Katika masimulizi mengi, panya wa majini ndiye anayefaulu kuuleta, na juu ya gamba la kobe ardhi ikapanuka. David Cusick, Mtuskarora, aliyaandika masimulizi ya watu wake kwa Kiingereza mwaka 1827. Alieleza kwamba alikuwa amengoja kwa muda mrefu mwingine miongoni mwao aifanye kazi hiyo.

Wheatley alichapisha shairi chini ya jina lake. Anaweza kupingwa kama mtunzi yeyote. Mwanamke wa mbinguni hana mtunzi mmoja. Ana jamii iliyo hai, inayomsimulia kwa utaratibu wake, na kwa desturi majira ya kusimulia ni ya baridi. Sisi tulioonywa utotoni kwamba ngano hazitambwi mchana tunaielewa miiko ya namna hiyo. Kwa hiyo sikubaliani na zoezi linalomwambia mwanafunzi akiandike upya kisasili hicho, ambadilishie kobe kwa kiboko, au amtie mwanamke yule maneno ya kuchekesha. Ni Mgikuyu gani angefurahia kuona Mumbi na Mukurwe wa Nyagathanga wamefanyiwa hivyo na darasa la ughaibuni, tena kwa alama?

Linalowezekana, na lililo bora, ni jibu la mgeni: mwanafunzi asimame nje ya kisasili na kukiuliza swali kwa sauti yake mwenyewe. Mathalani, shairi linalomhoji msemaji kuhusu ardhi iliyopokelewa kama hisani ya wanyama, likitungwa na kijana ambaye kwao ardhi ni hatimiliki na kesi mahakamani, linaweza kukifafanua kisasili bila kukipora.

Kuhusu kusahihisha, hofu ya wahadhiri kwamba tungo hazina kipimo inaondoleka kwa urahisi. Kila utungo uambatane na ukurasa mmoja wa nathari unaotaja sehemu mahususi inayojibiwa, sehemu iliyoachwa kwa makusudi, na sababu ya kuiacha. Vina na mizani vipewe alama chache. Ukurasa ule ubebe nyingi.