KIWANDA KISIACHIWE KOMPYUTA PEKE YAKE



Mwaka 2023 maneno yote ya Kericho yalikuwa juu ya mashine za kuchuna chai, na mwezi wa Mei baadhi yake ziliteketezwa kwa moto. Mashine hizo kila mtu aliziona shambani. Lakini viwandani inaingia mashine nyingine isiyo na kelele. Ni kompyuta ndogo iliyomo katika sanduku la swichi, iwezayo kuamuru feni za kunyausha majani, moto wa draya na maji ya boila.

Hatuipingi. Ikifanya kazi sawasawa hupunguza taabu. Lakini kompyuta iliyounganishwa na intaneti yaweza kuamriwa na mtu aliye mbali, asiyejua hata Kericho iko wapi.

Wako watakaosema hizi ni hadithi. Sivyo. Tarehe 23 Disemba 2015 wavamizi waliingia katika kompyuta za makampuni matatu ya umeme huko Ukraine, wakazima swichi, na wateja wapata 225,000 wakakaa gizani kwa saa kadhaa. Walipenyaje? Kwa barua za kompyuta zenye hila, zilizofunguliwa ofisini miezi kadhaa kabla. Na umeme ulirudije? Mafundi walikwenda vituoni wakawasha swichi kwa mikono. Mwaka 2017, huko Saudi Arabia, wavamizi waliingia katika mtambo ule ule uliowekwa kukinga kiwanda na ajali.

Kwetu Kenya, Julai 2023, mtandao wa eCitizen ulishambuliwa, na watu wakapata shida hata kununua tokeni za stima. Hapo hakikuguswa kiwanda, lakini yatosha kutuonyesha kuwa hatuko mbali na hatari.

Sasa ifikirini boila. Kipimo kikidanganywa, kompyuta itaonyesha maji yapo, kumbe yamekwisha. Draya ikizidi moto, chai huungua, na vumbi lake huweza kuwaka. Atakayekuwa karibu ni nani? Si mkubwa aliye Nairobi, wala si yule aliyeuza kompyuta. Ni mwenzetu wa zamu ya usiku.

Hapa ndipo penye neno la chama. Kompyuta ikija, tajiri huona nafasi ya kupunguza watu. Yule mzee ajuaye sauti ya boila, ashikaye majani akajua yamenyauka vya kutosha, ndiye wa kwanza kuambiwa aende nyumbani. Ukraine yatufundisha kinyume chake: siku ya shambulio, mikono ndiyo iliyookoa. Anayeifukuza mikono hiyo ili aweke akiba leo, kesho atalipa zaidi, nasi tutalipa kwa miili yetu.

Kwa hiyo tudai haya katika mkataba wetu:

1. Vali ya usalama ya boila, kioo cha kupimia maji na kitufe cha kusimamisha mashine vifanye kazi bila kutegemea kompyuta.

2. Kila zamu iwe na watu waliofundishwa kuendesha mitambo kwa mikono, na wapewe muda wa kufanya mazoezi.

3. Kompyuta za mitambo zitengwe na za ofisi. Fundi wa nje afunguliwe njia ya kuingia wakati wa kazi yake tu, kisha ifungwe.

4. Mfanya kazi atakayetoa habari za jambo la ajabu asiadhibiwe. Mtu akiogopa barua ya onyo atanyamaza, na kunyamaza ndiko kunakompa adui nafasi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka kamati ya usalama mahali po pote penye wafanya kazi 20 au zaidi. Wawakilishi wetu walipeleke jambo hili huko, lisingojee ajali.

Nasi tuna wajibu wetu. Mtu asichaji simu yake kwenye kompyuta ya mitambo, wala asichomeke flashi ya nyimbo. Programu mbaya iitwayo Stuxnet, iliyogunduliwa mwaka 2010 na kuharibu mitambo ya nyuklia ya Iran, ilienea kwa flashi. Anayedai haki sharti naye atimize wajibu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tumeuona, tuuzibe pamoja.